Kindler, Salmond au Wallenstein: uanze na mpiga selo yupi?

Mtu anayetaka kuufahamu upigaji wa selo nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, awe anatayarisha mhadhara, anatafuta mada ya insha ya chuo au anataka tu kujua asikilize santuri gani kwanza, hawezi kuwabeba wapigaji wote kwa mkupuo mmoja. Inambidi amshike mmoja, amfuate tangu alipoanza hadi alipoishia, na wengine atawakuta njiani. Ninaweka hapa majina matatu ambayo naona yanafaa kwa kazi hiyo: Hans Kindler, Felix Salmond na Alfred Wallenstein. Wote watatu walipiga selo mbele ya hadhira za Marekani katika miaka ya 1920, wote walihesabiwa miongoni mwa mafundi wa ala hiyo, na wote hatimaye walijulikana zaidi kwa kazi nyingine kuliko kwa selo yenyewe. Mmoja aliunda okestra, mmoja aliingia darasani, mmoja akashika redio. Kwa hiyo anayechagua kati yao anachagua mlango ambao mpiga selo wa zama zile aliutumia kutoka kitini mwake.

Msomaji aliyewahi kuketi mbele ya kikundi cha taarabu Unguja hahitaji kuelezwa selo ni nini. Ni ndugu mkubwa wa fidla, hushikwa kati ya magoti na kupigwa kwa upinde, na sauti yake haiko mbali na ya mwanamume anayeimba. Katika okestra za Marekani za wakati huo kazi yake ya kila siku ilikuwa kuushikilia muziki kwa chini, na mara chache, mtunzi akipenda, kujitokeza mbele kwa dakika moja au mbili kabla ya kurudi mahali pake. Aliyetaka zaidi ya hayo alikutana na kikwazo ambacho mpiga piano au fidla hakukijua: tungo zilikuwa chache. Konserto, yaani utungo mrefu ambamo mpigaji mmoja hujibizana na okestra nzima, zilizopendwa na wasikilizaji kwa upande wa selo zilihesabika kwa vidole: ya Haydn, ya Schumann, ya Saint-Saëns, ya Lalo, ya Dvořák. Zilizobaki zilikuwa vipande vifupi vifupi vya kufungia onyesho. Pablo Casals, Mkatalani ambaye alianza kuitembelea Marekani mwaka 1901, aliweza kuzijaza kumbi kwa selo peke yake, lakini Casals alikuwa Casals. Wengine walikula kwa kuketi katika okestra, kwa kufundisha, au kwa kupiga katika kwarteti za nyuzi, yaani vikundi vya wapigaji wanne.

Kuna watakaouliza mbona simtaji Victor Herbert, ambaye alifika New York mwaka 1886 na selo yake kuipiga katika okestra ya Metropolitan Opera, na ambaye konserto yake ya pili, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, ilisikilizwa na Dvořák muda mfupi kabla Dvořák hajaandika ya kwake huko huko New York. Simtaji kwa sababu karne ya 20 ilipopamba moto Herbert alikwisha kuwa mtunzi wa michezo ya kuimba ya majukwaa ya Broadway, na selo yake ni habari ya karne iliyotangulia.

Jambo la kwanza la kupima ni uzawa, kwa kuwa mwenye kutafuta Mmarekani anaweza kumtaka Mmarekani wa kuzaliwa. Hapo uchaguzi unakwisha upesi. Kindler alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1892. Salmond alizaliwa London mwaka 1888, baba mwimbaji na mama mpiga piano. Wallenstein peke yake ndiye aliyezaliwa Marekani, mjini Chicago mwaka 1898, akakulia Los Angeles. Hata hivyo nisingependa msomaji akikaze sana kigezo hicho. Viti vya mbele vya selo katika okestra kubwa za Marekani vya zama hizo vilijaa Wajerumani, Waholanzi na Wabelgiji, na Mmarekani huyo mmoja naye, alipotaka kuikamilisha elimu yake, alipanda meli hadi Leipzig kwa Julius Klengel, mwalimu yule yule aliyewafundisha wapiga selo mashuhuri Feuermann na Piatigorsky. Kuwa mpiga selo wa Marekani kulikuwa suala la mahali pa kazi kuliko mahali pa kuzaliwa, na kwa kipimo hicho wote watatu wanastahili jina.

Kigezo ninachokiamini zaidi ni siku kubwa. Kila mmoja wao ana siku moja, utungo mmoja, ambamo selo yake iliingia katika historia ya muziki, na siku hizo hazifanani hata kidogo.

Ya Kindler ni tarehe 3 Mei 1917, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Alikuwa na umri wa miaka 25, mpigaji wa kiti cha kwanza cha selo katika okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski, na usiku huo alipiga kwa mara ya kwanza duniani utungo wa Ernest Bloch uitwao Schelomo, ambalo ni jina la Suleiman kwa Kiebrania. Bloch, Myahudi wa Geneva, alikuwa amedhamiria kuyaimbisha maneno ya kitabu cha Mhubiri, lakini hakupata lugha ya kuyaimbia: Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza havikumridhisha, na Kiebrania hakukijua vya kutosha. Mwishowe akaiachia selo iwe ndiyo sauti ya mfalme, kwa kuwa selo haina lugha. Anayeukumbuka mstari wa “Ubatili mtupu, asema Mhubiri” atauelewa utungo huo bila mwongozo wowote. Selo inanung’unika, inapaza sauti, inabishana na okestra inayong’aa kama baraza la kifalme, na mwisho inashuka chini na kunyamaza, na halipatikani neno la faraja. Kwa mpigaji kijana, kukabidhiwa kazi kama hiyo na mtunzi aliye hai ni bahati ambayo wengi huisubiri maisha yao yote.

Siku ya Salmond ilikuwa ya bahati ya namna nyingine. Tarehe 27 Oktoba 1919, katika ukumbi wa Queen’s Hall mjini London, okestra ya London Symphony ilifungua msimu wake wa kwanza baada ya vita, na katikati ya programu iliwekwa konserto mpya ya selo ya Edward Elgar, mtunzi mwenyewe akiongoza, Salmond akiwa mpigaji. Sehemu iliyobaki ya programu iliongozwa na Albert Coates, ambaye alikuwa na tungo nzito za Kirusi za kunoa, na akayala mazoezi. Muda wa Elgar ulipofika ulikuwa umekwisha kuliwa, naye na Salmond wakaingia jukwaani na wapigaji ambao walikuwa hawajaizoea kazi. Fikiria jinsi utungo huo ulivyojengwa: unaanza na selo peke yake, bila utangulizi wa okestra wa kumpa mpigaji nafasi ya kuvuta pumzi, na mwingi wake ni mwembamba, sauti chache chache, kosa lolote likisikika kama kijiko kilichoanguka msikitini. Okestra ilivurunda. Wahakiki waliilaumu okestra na kumwacha Salmond, na Elgar alimthamini kwa jinsi alivyosimama imara, lakini msikilizaji wa kawaida hatenganishi mpigaji na usiku wake. Konserto hiyo ilichukua miongo mingi kupata heshima iliyo nayo leo, na santuri zake za mwanzo chini ya Elgar mwenyewe zilipigwa na Beatrice Harrison.

Sisemi kwamba usiku ule ndio uliomhamisha Salmond, maana sababu za mtu kuvuka bahari huwa nyingi. Ninachoweza kusema ni kwamba tarehe 29 Machi 1922 alijitokeza kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa New York, katika ukumbi wa Aeolian Hall, na maisha yake yote yaliyosalia yakawa ya Marekani.

Wallenstein hana usiku wa uzinduzi. Ana sahani za santuri. Aprili 1932, akiwa mpigaji wa kiti cha kwanza cha selo katika New York Philharmonic, alirekodi na okestra hiyo utungo wa Richard Strauss juu ya Don Quixote, Thomas Beecham akiongoza. Strauss aliupa kila mhusika ala yake: mzee Don Quixote, yule kabaila aliyesoma hadithi za mashujaa mpaka akili zikamhama, ni selo, na Sancho Panza, mtumishi wake mwenye maneno mengi, ni hasa viola, fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi, ambayo katika rekodi hiyo ilipigwa na René Pollain. Tofauti na Kindler na Salmond, Wallenstein hakupanda mbele ya jukwaa kama mgeni mheshimiwa aliyealikwa kwa usiku mmoja. Alikuwa mtu wa nyumbani mwa okestra, aliyejua pumzi ya kila mwenzake, na hilo linasikika. Selo yake haishindani na okestra. Inatoka humo, inasema lake, inarudi.

Kabla ya kufika hapo alikuwa amepita kila ngazi ambayo mpiga selo wa Kimarekani angeweza kuipanda. Alipiga katika kumbi za maonyesho mchanganyiko akiwa mtoto, akaingia San Francisco Symphony akiwa na miaka kama 17, akazunguka Amerika ya Kusini na kundi la mcheza baleti Anna Pavlova, ambaye ngoma yake mashuhuri ya batamaji anayekufa huchezwa kwa selo. Kisha Leipzig, kisha kiti cha kwanza cha Chicago Symphony kuanzia 1922, na mwaka 1929 akahamia New York kwa Arturo Toscanini, kiongozi wa New York Philharmonic. Kwa anayetaka kujua maisha ya kazi ya mpiga selo yalivyokuwa, mishahara ya kutafuta mji hadi mji, hakuna njia iliyo kamili zaidi ya hii. Kindler na Salmond waliingia Marekani kupitia mlango wa mbele, wakiwa na majina tayari. Wallenstein aliipanda ngazi akitokea jikoni.

Tukija kwenye milango ya kutokea, tofauti zinazidi.

Kindler aliondoka Philadelphia mwaka 1920 ili aishi kwa kupiga peke yake na kuongoza. Mwezi Aprili 1928 alisimama katika ukumbi mdogo wa Maktaba ya Bunge mjini Washington, uliojengwa kwa fedha za mfadhili Elizabeth Sprague Coolidge, akaongoza kwa mara ya kwanza baleti ya Stravinsky iitwayo Apollon musagète, wiki kadhaa kabla haijachezwa Paris ambako ndiko ilikopatia umaarufu. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, akaanzisha National Symphony Orchestra katika mji huo huo. Hebu tutazame wakati alipolifanya jambo hilo: filamu zenye sauti zilikuwa zimekwisha kuzinyamazisha okestra za majumba ya sinema, wapigaji walikuwa mitaani, na wenye fedha walikuwa wamezificha. Aliiongoza okestra hiyo hadi 1949, mwaka ambao pia ndio aliofariki. Kuna jambo dogo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Mrithi wake, Howard Mitchell, alitoka katika kiti cha kwanza cha selo cha okestra hiyo hiyo, na kuanzia 1977 ikaongozwa na Mstislav Rostropovich, mpiga selo mwingine. Ni nadra okestra kubwa kuwa na nasaba ya uongozi iliyotoka kwa wapiga selo kiasi hicho.

Kindler aliacha pia jambo moja la kuchekesha. Utungo wake wa okestra uliopigwa zaidi ni toleo la Toccata ya Frescobaldi, bwana wa Kiitaliano wa karne ya 17, ambalo hadi leo linapigwa na bendi za shule za Marekani. Ila Frescobaldi hakuiandika. Aliitunga Gaspar Cassadó, mpiga selo wa Kihispania, akaipachika jina la marehemu ili ipokelewe kwa heshima. Mpiga selo mmoja alimzulia mzee wa watu utungo, na mpiga selo mwingine akauvika joho la okestra.

Mlango wa Wallenstein ulikuwa redio, na mlinzi wa mlango alikuwa Toscanini, ambaye alimtia moyo aongoze. Mwaka 1933 aliunda okestra ndogo ya nyuzi yenye jina lake katika kituo cha redio cha WOR, na kuanzia 1935 hadi 1945 akawa mkurugenzi wa muziki wa kituo hicho. Toscanini alipoiaga New York Philharmonic mwaka 1936, Wallenstein naye akakiacha kiti cha selo. Huko redioni hakuishia kwenye nyimbo za kusindikiza matangazo, ingawa kipindi cha kampuni ya matairi ya Firestone alikiongoza pia. Alirusha hewani kantata za Bach, yaani tungo zake za kuimbwa na kwaya na okestra, na katika msimu wa 1939 hadi 1940 akazipiga konserto za piano za Mozart zote, akiwa na mpiga piano Nadia Reisenberg, wakati ambapo nyingi za konserto hizo hazikuwa zikisikika kumbini. Mtu aliyekuwa na redio jikoni kwake alipata elimu ambayo tiketi ya Carnegie Hall isingempa. Mwaka 1943 alikabidhiwa Los Angeles Philharmonic, mji aliokulia, akaiongoza hadi 1956, jambo kubwa kwa mzaliwa wa Marekani katika zama ambazo okestra kubwa za nchi hiyo ziliagiza viongozi kutoka Ulaya. Leo wengi wanamsikia bila kujua, wanapowasikiliza mpiga fidla Heifetz au mpiga piano Rubinstein na jina lake limeandikwa chini yao kwa herufi ndogo.

Na Salmond? Salmond aliingia darasani. Kuanzia 1924 alifundisha katika chuo cha muziki cha Juilliard mjini New York, na kuanzia 1925 akaongoza idara ya selo ya Curtis Institute, chuo ambacho Mary Louise Curtis Bok alikifungua Philadelphia mwaka 1924 na ambacho baada ya miaka michache kiliacha kabisa kutoza karo. Huko Curtis alifundisha hadi 1942, na Juilliard hadi alipofariki mwaka 1952. Ukiisoma orodha ya kazi zake kama orodha, haivutii: hakuna okestra aliyoianzisha, hakuna jukwaa aliloliteka baada ya Aeolian Hall. Lakini fuata viti. Kiti cha kwanza cha selo cha Philadelphia, alichokalia Kindler, kilikaliwa katika miaka ya 1940 na Samuel Mayes, mwanafunzi wa Salmond. Kiti cha New York Philharmonic alichokiacha Wallenstein kilikaliwa katika miaka hiyo hiyo na Leonard Rose, mwanafunzi wa Salmond. Kiti cha Chicago, ambacho pia kilikuwa cha Wallenstein, kilimfikia mwaka 1959 Frank Miller, mwanafunzi wa Salmond, baada ya miaka yake na Toscanini katika okestra ya NBC. Hata Howard Mitchell, mrithi wa Kindler pale Washington, alipitia Curtis. Katika muziki wa watu wachache, mwanafunzi wake Bernard Greenhouse alisaidia kuizaa Beaux Arts Trio mwaka 1955, na mwanafunzi wake mwingine, Orlando Cole, ndiye aliyepiga kwa mara ya kwanza sonata ya selo ya Samuel Barber, mwenzake wa Curtis, Barber mwenyewe akiwa kwenye piano. Rose naye akamfundisha Yo-Yo Ma, mpiga selo mashuhuri wa siku hizi. Mholanzi na Mmarekani waliviacha viti vyao, na Mwingereza aliyefundisha ndiye aliyetoa watu wa kuvikalia.

Hapo ndipo wengi wanaponiuliza kwa nini basi nisimpendekeze Salmond kwa kila mtu. Jibu langu ni kwamba mwalimu ni mtu mgumu kumfuata. Kazi yake imo katika mikono ya wengine. Wanafunzi wake walikumbuka kwamba alihimiza zaidi upinde na mstari wa wimbo kuliko ufundi wa vidole, kwamba alitaka selo iimbe, na ukimsikiliza Rose au Greenhouse unahisi kuna kitu cha pamoja, lakini huwezi kusema kwa hakika kipande hiki ni cha mwalimu na kile ni cha mwanafunzi. Anayeandika insha juu yake atajikuta anaandika juu ya watu sita. Kwa mwalimu wa muziki hiyo ni neema, maana ndiyo hali ya kazi yake mwenyewe. Kwa mwanafunzi anayeanza utafiti inaweza kuwa msitu.

Lipo bado suala la masikio, na hilo linaweza kuamua kuliko yote niliyotaja. Santuri ambazo Kindler aliipigia selo kampuni ya Victor ni za zama za pembe, kabla ya 1925, wakati mpigaji alipoketi mbele ya mdomo mpana wa bati na sauti yake ikasukuma sindano bila msaada wa umeme. Pembe hiyo ilizipenda sauti za kati, ikazionea nyuzi nzito za chini, ambazo ndizo nusu ya uzuri wa selo, na okestra ilipungua ikawa watu wachache waliobanana. Kinachosikika ni vipande vifupi, vya dakika tatu hadi nne, vikipigwa kwa mtelezo wa vidole kati ya noti na noti ambao siku hizi walimu huukataza. Nyingi kati ya santuri za Victor za wakati huo zimewekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Bunge ya Marekani kwa kusikilizwa bure, maktaba ile ile ambamo Kindler aliiongoza Apollon musagète. Lakini anayetaka kumsikia Kindler wa Schelomo, huyo amemkosa. Utungo uliompa jina haukuweza kuingia katika pembe.

Salmond amehifadhiwa vizuri kidogo zaidi, kwa kuwa maikrofoni ilimkuta bado anapiga. Santuri ninayoitaja kwanza ni ya trio, yaani utungo wa wapigaji watatu, ya Schubert katika B-bapa, iliyorekodiwa Desemba 1927 kwa kampuni ya Columbia, akiwa na Myra Hess kwenye piano na Jelly d’Arányi kwenye fidla. Sikiliza mwendo wa pili, ambamo selo inaanza kuimba peke yake juu ya piano kabla fidla haijaingia. Hachezi na wimbo, haunyooshi kupita kiasi. Anauacha utembee, na kila mwisho wa sentensi upinde unapungua badala ya kukatwa. Aliyewahi kusikia kwamba Salmond alifundisha uimbaji kuliko vidole atapata hapo, katika dakika zisizozidi mbili, ushahidi wote anaouhitaji. Ni selo ya chumbani, kati ya marafiki, na nadhani alikuwa mkubwa zaidi hapo kuliko mbele ya okestra.

Kwa hiyo ningegawa hivi. Anayeongoza kwaya, bendi au kikundi, anayejua adha ya kutafuta ukumbi, mshahara wa wapigaji na mfadhili asiyepatikana, aanze na Kindler, na asiharibu muda mwingi kwenye santuri. Asome jinsi okestra ilivyozaliwa Washington mwaka 1931 na jinsi ilivyodumu. Anayefundisha, au anayejiuliza kama kuliacha jukwaa kwa ajili ya darasa ni kushindwa, aanze na Salmond, akiwa na trio ya Schubert mkononi na majina ya wanafunzi pembeni. Asianze na usiku wa Queen’s Hall, ingawa ndio unaosimuliwa kila mahali, kwa sababu utamfanya amwone mtu wa mkosi, na mkosi wa saa moja si kipimo cha miaka karibu 30 ya kufundisha.

Aliyebaki ni msikilizaji, ambaye hana kikundi wala darasa, ana masikio na jioni moja. Huyo namwelekeza kwa Wallenstein bila kusita, hata nikijua kwamba urithi wake katika selo yenyewe ni mdogo kuliko wa Salmond. Njia yake ndiyo inayoonyesha kwa ukamilifu wote kazi hiyo ilivyokuwa, kutoka mtoto wa kumbi za burudani hadi kiti cha mbele kabisa cha nchi, na rekodi yake ya 1932 ilinaswa kwa maikrofoni, ukumbini, na okestra iliyokuwa katika ubora wake. Imegawanywa katika pande za santuri, kila upande dakika nne na ushei, na katika nakala zilizowekwa mtandaoni bado unasikia mkwaruzo wa sindano kila upande unapoanza. Usisikilize yote siku ya kwanza, utungo una zaidi ya nusu saa na vinu vya upepo, kondoo na safari ya angani vitakuchosha. Nenda upande wa mwisho. Mzee amerudi nyumbani, wazimu umemtoka, na selo inaimba taratibu wimbo ambao mwanzoni ulikuwa wa mbwembwe. Karibu na mwisho kabisa vidole vya Wallenstein vinateleza kwenye uzi kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeachia pumzi aliyoishikilia, na okestra inafunga kwa sauti ndogo nyuma yake.